Mjumbe Mmoja, Habari Mbili

Usiku ule niliamshwa na ubaridi wa shuka. Nilikuwa nimelowa jasho tangu kisogoni hata kiunoni, jasho jembamba ambalo si la kazi wala si la joto la kaskazi, na moyo ulikuwa ukinienda mbio kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa gizani na sauti asiyoitambua; na kwa kuwa nilikuwa nimelala na deni la watu kifuani, nami nimeahidi kulilipa asubuhi yake kwa fedha nisizokuwa nazo, nilijihukumu papo hapo kwamba huu ni wahaka, ule ule unaonizuru tangu nilipostaafu ualimu, na kwamba dawa yake ni kujinyosha chali, kushusha pumzi na kuvuta uradi hata upite. Nikavuta uradi. Nilipofika katikati sikukumbuka kinachofuata, nami ni uradi niliouhifadhi tangu chuoni, kabla sijaota ndevu. Mke wangu, aliyeamshwa na mnong'ono uliokuwa ukirudia neno lile lile moja, aliwasha taa, akanitazama, akasema, "Bwana, sauti yako leo siipendi," akaliendea kabati tunamoweka mashine ya kupimia sukari. Alinitoboa kidole cha kati. Tone likatoka dogo, mfano wa punje ya mtama. Mashine ikahesabu tano, nne, tatu, mbili, moja, kisha ikaandika 2.7.

Alikoroga vijiko vinne vya sukari ndani ya bilauri ya maji, akanishika mkono kwa kuwa bilauri ilikuwa ikinigonga meno, na kwa kuwa sukari haikuwahi kuyeyuka yote, chenga zake zilinibakia midomoni nikazilamba kama mtoto. Baada ya robo saa akanitoboa tena: 4.8. Nikaukumbuka uradi wote, na deni pia.

Huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu nianze kujipiga sindano za kisukari, na wahaka ninao tangu zamani zaidi, na katika muda huo wote halikunitaabisha jambo kama kuvitenga viwili hivi, kwani ni ndugu walionyonya ziwa moja. Tena la ajabu, ambalo daktari wetu wa hapa Tanga alinionyesha kesho yake, ni kwamba hukumu yangu ya usiku haikuwa ya uongo mtupu: wahaka ulikuwamo kweli, ila mahali pengine. Ndio uliokuwa umeketi nami mezani jioni ile, nikausukuma wali pembeni ya sahani na kula matonge mawili kwa heshima ya mpishi, hali sindano nimekwisha kujipiga kwa kadiri ya sahani nzima. Wasiwasi ulinishusha sukari, na sukari iliposhuka ikaja kwangu imevaa nguo za wasiwasi.

Sababu ya kufanana huku haina siri. Ubongo, ambao uzito wake ni kama sehemu mbili tu katika mia ya uzito wa mtu, hula takriban moja ya tano ya nguvu yote mwili unayotumia, yapata gramu 120 za glukosi kwa siku, wala hauna ghala yake ya kutajika. Hutegemea kile kiletwacho na damu saa hiyo hiyo. Ghala imo katika ini. Basi sukari ya damu iteremkapo hata karibu na 3.8, kwa kipimo cha milimoli kitumikacho katika hospitali zetu, mwili hutuma wajumbe: kongosho hutoa glukagoni, ambayo huliamrisha ini lifungue ghala, na vile vitezi viwili vilivyoketi juu ya mafigo humimina adrenalini, ambayo nayo hulihimiza ini, lakini haijui kupita kimya kimya, ipitapo huupiga moyo, hutetemesha vidole, husawijisha uso na kukifanya kinywa kikavu. Kwa aliyekaa na kisukari cha sindano miaka mingi, aghalabu mjumbe wa kwanza hunyamaza mapema, akabaki huyu wa pili peke yake. Na adrenalini ndiyo ile ile ambayo Walter Cannon, mwanachuoni wa Harvard, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1915 juu ya maumivu, njaa, hofu na ghadhabu, kuwa ndiyo imtayarishayo kiumbe kupigana au kukimbia. Simba akitokea mlangoni huja yeye. Mkopeshaji akitokea huja yeye. Sukari ikikauka huja yeye. Mjumbe ni mmoja, na anapopiga hodi hatamki ametumwa na nani.

Habari hii ni ya umri mmoja na dawa yenyewe, insulini. Katika majira ya baridi ya mwaka 1921 kuingia 1922, huko Toronto nchini Kanada, ambako Frederick Banting na Charles Best walikuwa wamepata maji ya kongosho yashushayo sukari, mwanakemia James Collip, aliyepewa kazi ya kuyasafisha, aliwapiga sungura sindano ya maji yale, akawaona wakianguka na kupapatika kama wenye kifafa. Alipowatia glukosi, wakarejea katika hali yao kana kwamba halikuwa jambo. Tarehe 11 Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kupigwa sindano ile, isimfae kitu. Tarehe 23 ya mwezi huo huo akapigwa ile iliyosafishwa na Collip, nayo ikamfaa. Na ile yuniti tuisomayo ubavuni mwa bomba la sindano, hapo mwanzo ilikadiriwa kwa kuangalia ni kiasi gani cha dawa kitakachomshusha sungura sukari hata apapatike. Hujipiga sindano kila jioni, na mara nyingi nikiipima yuniti yangu huwakumbuka sungura wale.

Sasa mtu atauliza, je, hakuna alama ya kuvipambanua? Zipo, lakini si za kuapia. Dalili za sukari kushuka ni makundi mawili, na wengi wetu hulijua moja tu. La kwanza ni zile za mjumbe na za mishipa ya fahamu iamkayo pamoja naye, yaani kutetemeka, moyo kwenda mbio, jasho, na njaa kali inayokuja ghafula kama imetupwa. La pili ni zile za ubongo wenyewe unaokosa chakula, na hizi huja kwa siri: maneno humpotea mtu, macho huona kitu kimoja kuwa viwili, hukasirika au hucheka pasi na sababu, huwa mbishi kama mlevi na hukataa katakata kwamba ana lolote. Hofu nayo ina mila zake. Huja na wazo la mauti, na kifua kubana, na pumzi za haraka haraka ambazo huleta ganzi vidoleni na pembezoni mwa midomo. Hupanda upesi, aghalabu hufikia kilele chake ndani ya dakika kumi, kisha huanza kurudi nyuma kama maji ya bamvua. Ila ganzi ya midomo huwapata hata walioshukwa na sukari, na fikira ya mauti humjia yeyote ambaye moyo unamdunda usiku wa manane. Kwa hiyo mimi na mke wangu tumezoea kipimo chetu cha nyumbani, naye hukitumia kwa ukali wa mkaguzi wa shule: "Mia toa saba?" Tisini na tatu. "Toa saba tena?" Mwenye hofu atajibu kwa pupa, lakini atajibu. Aliyeshukwa na sukari husimama hapo kwenye tisini na tatu akikutazama kana kwamba umemsemesha Kigiriki. Na mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja.

Na hapa kwetu pwani kuna hukumu ya tatu, ambayo sitaipita kwa adabu ya uongo. Mtu akianza kusema maneno yasiyounganika usiku, macho yakamtoka na jasho likamtiririka, wapo watakaosema amepandwa, na kabla ya lolote chetezo kitaletwa. Sina ugomvi na ubani. Harufu yake naipenda na marehemu mama yangu hakuwahi kulala bila ya kuufukiza. Lakini hauna sukari ndani yake, na dakika zinazopotea katika kuutafuta mkaa ni dakika ambazo ubongo wa mgonjwa hauna cha kula.

Rai yangu, ambayo nimeipata kwa gharama, ni kwamba shaka ikiingia kati ya hofu na sukari, namna ya kuikata hutegemea mtu mwenyewe ni nani. Atumiaye insulini, au vidonge vya jamii ya glibenklamidi ambavyo hulilazimisha kongosho kutoa insulini litake lisitake, na ajipime. Na kama mashine haipo, au vijiti vyake vimekwisha kama viishavyo siku zote mwisho wa mwezi, na aile sukari kwanza, ubishi uje baadaye. Akiwa amekosea, hasara yake ni sukari kupanda kidogo kwa saa mbili. Akikosea upande wa pili, akajisemesha kwamba ni wasiwasi tu na akafumba macho atulie, huenda asiyafumbue kwa hiari yake. Maana hapo namba ikiwa chini ya 3.9 ni wakati wa kutenda, na chini ya 3.0 ni hatari yenyewe. Kiasi cha kuanzia ni gramu 15 za sukari iendayo upesi: vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda ya mililita 300, isiwe ile isiyo na sukari, au kijiko kimoja cha mezani cha asali. Chokoleti haifai, wala maandazi, wala chai ya maziwa mazito, kwa sababu mafuta huikawiza sukari tumboni. Kisha mtu angoje dakika 15 apime tena, na ikiwa bado iko chini arudie. Ikishapanda, ndipo ale kitu cha kukaa, kipande cha muhogo au mkate.

Dakika hizo 15 ndizo zilizo ngumu kuliko zote, tena hakuna aliyenionya. Mashine husema 5.6 na mikono bado inatetemeka, kwani adrenalini iliyokwisha kumwagwa haizoleki. Habari imefika na ini limefungua ghala, lakini mjumbe yungali mlangoni akibisha. Hapo mwoga kama mimi hufungua kabati, hula kashata, hula ndizi, hunywa na ile nusu ya soda iliyosalia, na asubuhi huamka na 17. Nimefanya hivyo mara nyingi zaidi ya nitakavyoungama hapa. Siku hizi nikishakunywa hutoka barazani na saa mkononi, nikashusha pumzi kwa kuihesabu, nne kuingia na sita kutoka, kwa kuwa pumzi ndefu ya kutoka huutuliza moyo. Na jambo hilo hilo, ambalo kama ningelifanya kabla ya kunywa lingekuwa upumbavu, likifanywa baada yake huwa hikima.

Ama aliyekwisha kupoteza fahamu asitiwe kitu kinywani, kisije kikaingia mapafuni. Alazwe kwa ubavu, apigwe sindano ya glukagoni ikiwapo, na isipokuwapo apelekwe hospitali akatiwe glukosi ya mshipani. Ikiwa aliyeanguka hutumia glibenklamidi, hata akiamka akacheka na kuomba aende zake, asiachiwe, kwani dawa ile hukaa mwilini na huweza kumwangusha tena siku hiyo hiyo.

Wapo na wengine, nao ni wengi, wasio na kisukari wala hawatumii dawa yoyote ya kukishusha, lakini kila moyo ukiwadunda husema, "Sukari yangu imeshuka," au, "Presha imeshuka," wakaagiza soda. Kwa hawa natoa rai iliyo kinyume: wasiamini mpaka wapime. Sukari kushuka kweli kwa mtu wa namna hiyo ni jambo la nadra, na Allen Whipple, mpasuaji wa New York ambaye katika miaka ya 1930 alikuwa akiwapasua watu wenye uvimbe wa kongosho umwagao insulini ovyo, aliweka masharti matatu kabla ya kisu kugusa ngozi: dalili ziwepo, kipimo kilichochukuliwa wakati huo huo wa dalili kionyeshe kweli sukari iko chini, na dalili ziondoke sukari inapopandishwa. Likikosekana moja, atafutwe adui mwingine. Mwenye hofu akipimwa katikati ya hofu yake, mara nyingi atakutwa na sukari ya kawaida au hata iliyozidi kidogo, kwani adrenalini imekwisha kulifungua ini bila ya haja. Soda humtuliza, naam, kama vile kushikwa mkono kunavyomtuliza, ila humfundisha kwamba bila soda angekufa, na hofu itamrudia kesho ikiwa na hoja mpya. (Kabla hata ya kipimo, mtu huyo na aulizwe amekunywa vikombe vingapi vya kahawa chungu barazani juu ya tumbo tupu. Nimeshuhudia maradhi ya moyo ya miezi mitatu yakipona kwa kumkwepa muuza kahawa.) Wako wachache ambao sukari huwashuka kweli saa mbili mpaka nne baada ya kula, hasa waliopasuliwa tumbo la chakula, wao tiba yao ni kula kidogo kidogo na kupunguza vitamu, na soda huwazidishia.

Yupo na adui mwingine ambaye nilimkaribisha nyumbani mwenyewe. Mwaka mmoja, kwa kuchoshwa na mapigo ya moyo, niliandikiwa vidonge vya propranololi, dawa njema ambayo huzima taathira za adrenalini, na kwa muda wa wiki mbili nilikuwa mtu mwingine: mikono imetulia, moyo unakwenda kama saa ya ukutani. Aliyeniandikia hakuuliza kuhusu sindano zangu, nami sikutaja. Siku ya kumi na tano nilikuwa kwa fundi cherehani nikipimwa kanzu, moyo shwari kabisa, fundi akaniambia, "Mzee, mbona umelowa hivi?" Shati lilikuwa limenigandama mgongoni. Nilipopimwa kwenye duka la dawa la jirani ilikuwa 3.1. Kumbe dawa ile humziba mjumbe kinywa, asipige moyo wala asitetemeshe mkono, ila jasho huja kwa njia nyingine ya mishipa ya fahamu ambayo dawa haiifikii. Tangu hapo nimelifanya jasho baridi kuwa shahidi wangu mkuu, na kila daktari mpya humwambia mambo mawili kwa pamoja, sukari na wahaka, hata kama nimekwenda kwake kwa jino.

Ila kuna ukimya ulio mbaya kuliko huo wa vidonge. Mtu ambaye sukari humshuka mara kwa mara, mwili wake huzoea. Kila mshuko huiteremsha ile namba ambayo hapo kengele hupigwa, mpaka siku inafika ambapo ubongo huishiwa chakula kabla moyo haujadunda hata mara moja. Tumaini ni kwamba akikaa wiki kadhaa pasi na kushukwa, kengele aghalabu hurudi. Wengine huuogopa mshuko hata wakaishi juu kwa makusudi, kumi na tano, kumi na nane, wakisema hapo ndipo penye amani, ilhali macho, mafigo na nyayo hulipa kodi ya amani hiyo kidogo kidogo. Na aliyekaa juu muda mrefu huona tetemeko hata akiwa katika 6 iliyo salama, kwa kuwa mwili wake umeisahau. Huyo hofu yake si ya kuchekwa; aliyewahi kuamka sakafuni akiwa amezungukwa na watoto wake wanaolia ana haki ya kuogopa. Anachohitaji ni tabibu wa kumpunguzia kipimo cha dawa, na mtu wa kuzungumza naye juu ya siku ile.

Saumu ina mlango wake. Kutoboa kidole hakubatilishi funga, maulamaa wengi wamelisema hilo, na namba ikiwa chini ya 3.9 mtu na afungue, hata kama zimesalia dakika kumi adhana ya Magharibi isikike; tetemeko la saa kumi na moja jioni ambalo wenzake wanaliita njaa, kwake yeye huenda si njaa. Atakaye kufunga na aonane na daktari wiki sita au nane kabla ya mwezi kuandama, kwani dawa hubadilishwa saa zake na pengine jina lake. Mnywaji wa tembo naye ajue kwamba pombe hulizuia ini lisitengeneze sukari mpya hata kesho yake. Na wazee wenzangu wanaokumbuka masikio kuvuma kwa kwinini wajue kwamba kwinini, nayo malaria kali yenyewe, hushusha sukari, hasa kwa mama mjamzito. Sindano ya artesuneti imechukua mahali pake kwa malaria kali, lakini chupa za zamani zingalimo makabatini mwa watu.

Daktari wangu alinipa kazi moja ya nyumbani, ambayo asili yake ni Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, ambako Daniel Cox na Linda Gonder-Frederick walianza katika miaka ya 1980 kuwafundisha wagonjwa kuzisoma dalili zao: kila mara, kabla ya kujitoboa, niandike kwanza ninachodhani. Nikanunua daftari la shule la mistari, nikalichora safu tatu, saa, dhana na namba. Mwezi wa kwanza lilikuwa aibu tupu, na kama lingekuwa la mwanafunzi ningelitia kalamu nyekundu kila ukurasa. Sasa, mwezi wa tano, hupata tatu katika nne. Nimegundua kwamba hofu yangu huanzia kifuani na sukari yangu huanzia nyuma ya magoti, jambo ambalo sijalisoma popote, na sidhani kama litamfaa mtu mwingine.

Ukurasa wa mwisho nilioujaza una mstari wa Jumanne, saa tano ya asubuhi, foleni ya benki. Dhana: hofu, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda kuzungumzia lile deni. Nikajitoboa huku nimesimama, daftari nimelibana kwapani. Namba: 3.4. Nilitoa tende tatu mfukoni, na kijana aliyekuwa nyuma yangu akanitazama mikono, akasema, "Shikamoo mzee, njoo ukae hapa, nafasi yako nitakushikia." Jina langu lilipoitwa nilikuwa bado natafuna.